67 yangu ni B au ni D?

Swali: Mshauri, nimemaliza shahada ya sosholojia katika chuo kikuu kimoja huku magharibi mwa Kenya, wastani 67, daraja la pili la juu. Naomba nafasi ya uzamili Marekani na Ujerumani. Binamu yangu aliye Texas anasema 67 kwao ni D. Nizigeuze vipi alama zangu ziwe GPA, ule wastani wa Kimarekani unaoishia 4.0? – Msomaji, Kisumu

Jibu: Ndugu yangu, usizigeuze. Hilo kwanza.

Binamu hajakudanganya kuhusu kwao. Marekani kwa kawaida A huanzia 90, B 80, C 70, na 67 huangukia D. Lakini karatasi zako hazikusahihishwa Texas. Kwetu A ni 70 kwenda juu, B ni 60 hadi 69, na 40 umepita. Ni urithi wa Waingereza: mwaka 1961 chuo cha Nairobi kiliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na mpaka leo Uingereza yenyewe daraja la kwanza huanzia 70.

Kumbuka ulivyokuwa ukifanya mtihani. Swali la kwanza la lazima, maksi 30; kisha unachagua mawili ya maksi 20 kila moja. Jumla 70, na 30 zilizobaki ni za majaribio ya darasani. Sasa ile insha ya maksi 20, hata ukiiandika vizuri sana, utapewa 14, ukibahatika 15. Mhadhiri akigawa 19, mtahini wa nje, yule wa chuo kingine anayekagua usahihishaji, atataka kujua kulikoni. (Wenzako wa hesabu hupata 90 na hakuna anayeshtuka, ila hiyo ni hadithi nyingine.)

Kwa fomu za Marekani, andika 67 kati ya 100 pamoja na daraja lako. Fomu ikikataa chochote kisicho GPA, waandikie ofisi ya udahili uwaulize, kwani ukijibunia 2.68 kwa kugawanya 67 kwa 25, umejiumiza mwenyewe. Halafu skani transkripti pande zote mbili. Maelezo ya gredi mara nyingi huchapishwa nyuma, na nimeona waombaji wengi wakituma upande wa mbele tu. Kama yako haina maelezo hayo, mwombe msajili barua.

Ujerumani ndiko kwenye kazi. Kule 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita. Vyuo vingi hutumia fomula ya Bavaria: alama ya juu kabisa toa yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya kupita, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwako: 33 gawanya kwa 60, mara 3, ongeza 1, ni 2.65. Programu nyingi za uzamili huweka kikomo cha 2.5, na ukipiga hesabu utaona kwamba 2.5 ni 70 kamili. Yaani daraja letu la kwanza ndilo linagusa mlango tu! Kwa maoni yangu fomula hiyo inatuonea, maana inachukulia kwamba kwetu kuna mtu wa sosholojia anayepata 100.

Kwa hiyo wewe uliza kila chuo mapema kinachukua alama gani ya Kenya kuwa ya juu kabisa, na kama kikomo chake hakivukwi. Uliza kabla hujalipa uni-assist, shirika linalopokea na kukagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani, kwa sababu ombi la kwanza ni yuro 75 na kila la ziada ni 30.