Maktaba Imeingia, Lakini Python Haiioni

Juzi kijana mmoja wa chuo aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimeweka opencv, imeandika Successfully installed, ila nikiendesha kodi inasema ModuleNotFoundError: No module named 'cv2'. Nimefuta Anaconda nikaishusha upya, bando limeisha na projekti nawasilisha Ijumaa."

Yaani maktaba, kodi iliyoandikwa na wengine ili tuitumie, imewekwa kwenye kompyuta, lakini lugha ya Python haiioni. Nilimjibu palepale, maana adha hiyo naijua vizuri mno.

Nikiwa fildi kwenye ofisi moja hapa Dar, nilipewa kompyuta iliyokwishapita mikononi mwa watu wengi. Kazi ilikuwa kusafisha majedwali ya mauzo kwa pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali. Pip, programu inayoshusha na kuweka maktaba, ikasema pandas ipo, Python ikasema haipo. Nikamwendea bwana aliyekuwa akitusimamia. Hakutazama hata skrini. Akasema mbele ya wenzangu wote, "Binti, rudi kwenye Excel, haya mambo yana wenyewe." Watu wakacheka. Miaka imepita, na kicheko kile bado kinanichoma.

Jioni walipoondoka nilibaki. Sikufuta kitu. Niliandika pip --version, ikanionyesha inakoishi: ndani ya folda ya Anaconda3, kifurushi kinachokuja na Python yake. Kisha nikafungua Python ileile iliyokuwa ikinigomea, nikaandika:

import sys
print(sys.executable)

Ikajibu C:\Python38\python.exe. Kumbe kompyuta ilikuwa na Python mbili, kila moja na folda yake ya site-packages zinakowekwa maktaba, na pip niliyokuwa naiita ilikuwa ya ile nyingine. Mzigo umefika salama, ila umeshushwa kwa jirani. Nikaandika python -m pip install pandas, na safari hii ikaanza kushusha. Asubuhi bwana yule alipita nyuma yangu, jedwali likiwa wazi kwenye skrini. Alilitazama, akaenda zake bila neno. Mimi nilijua nimeshinda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujafuta chochote, jua kwanza pip inakaa wapi, na Python inayoendesha kodi yako inakaa wapi. Zikiwa mbalimbali, tumia python -m pip. Hapo Python unayoiita ndiyo itakayowekewa maktaba. Kama unaandikia kodi kwenye programu ya VS Code, bonyeza namba ya toleo la Python pale chini kulia, uchague ile yenye maktaba zako. Kwenye Jupyter, yaani daftari la kuendeshea kodi kipande kwa kipande, andika %pip install na jina la maktaba ndani ya seli, maana daftari lako huenda linaendeshwa na Python tofauti na ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Zikiwa ni ileile, tazama jina. Unaweka opencv-python lakini unaita cv2. Unaweka Pillow, unaita PIL. Scikit-learn, unaita sklearn. Beautifulsoup4, unaita bs4. Kagua na majina ya mafaili yako mwenyewe: ukiwa na faili uliloliita pandas.py, Python italisoma hilo kwanza na maktaba halisi hutaifikia.

Nasema tena, usifute kwanza. Soma ujumbe wa kosa wote, hasa mstari wa mwisho. Sisi tunaotaka kula kwa kazi hii hatuwezi kuwa watu wa kufuta na kuanza upya kila mashine inapogoma, wala hatuwezi kumpa mtu mwingine nafasi ya kutuamulia kama tunaiweza. Na nyie mnaosimamia wanafunzi wa fildi, mtoto akikujia na kosa, tazama skrini yake kabla hujafungua mdomo. Inachukua dakika moja.

Kijana alinitumia picha ya skrini usiku uleule. Pip ilikuwa ya Anaconda, VS Code imechagua Python nyingine kabisa. Alibadilisha, cv2 ikakubali.

Sasa nimemtaka kila projekti aipe mazingira yake (venv), yaani folda yenye Python na maktaba zilizotengwa kwa projekti hiyo tu. Ndani ya folda ya kazi unaandika python -m venv mazingira (kwenye Ubuntu ni python3 badala ya python), kisha unayawasha: kwenye Windows ni mazingira\Scripts\activate, kwenye Linux ni source mazingira/bin/activate. Wenye Ubuntu kuanzia 23.04 hawana budi kuzoea hivi, kwa sababu pip ya mfumo huwagomea kwa ujumbe wa externally-managed-environment. Ukiuona, usilazimishe kwa --break-system-packages, maana Python hiyo inategemewa na programu za mfumo wenyewe. Fungua venv, uweke maktaba zako humo.