Anacheka na Wenzake, Nyumbani Hasemi: Je, Ni Uvivu?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni fundi cherehani hapa Kayole. Mwezi wa tatu huu haendi kazini. Saa tisa usiku yuko macho, chakula anakidokoa tu. Lakini marafiki wakija anacheka nao! Mama mkwe anasema ni uvivu, jirani anasema katupiwa kitu. Kliniki walimpa fluoxetine, akameza siku tano akaacha, eti haifanyi kazi na itamfanya mteja wa vidonge maisha yote. Nifanyeje? – Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hivyo vidonge, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Fluoxetine ni dawa ya sonona, ugonjwa wa huzuni na kupoteza hamu. Si dawa ya kichwa kuuma, useme utameza saa mbili na saa tatu umepona. Wiki ya kwanza huleta usumbufu kwanza: kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi, usingizi kuruka. Nafuu huanza kuchungulia kati ya wiki ya pili na ya nne, na huenda ikachukua wiki sita hadi nane kukolea. Mumeo alilipa nauli akashuka kabla gari halijaondoka steji. Haileti uraibu, hatakuwa akiitamani wala kuongeza dozi ili aisikie. Kinachowachanganya watu ni kizunguzungu na hasira zinazowapata wakiacha ghafla, ndiyo maana daktari huipunguza polepole, tena baada ya mgonjwa kukaa vizuri miezi sita hivi au zaidi. Hata akijisikia mzima mwezi wa pili, aendelee.

Kwa hiyo arudi kliniki, na aseme wazi kwamba aliacha. Huwa inamezwa asubuhi kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Amweleze daktari kuhusu pombe na dawa yoyote ya mitishamba. Na hili wengi hulisahau: kama aliwahi kuwa na siku kadhaa halali usingizi, anaongea mbio, anatapanya pesa na hachoki, lazima daktari ajue, kwani huenda matibabu yakawa mengine kabisa. Muombe pia vipimo vya damu. Upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea hufanana sana na ugonjwa huu.

Sasa kicheko. Sisi huuita ugonjwa huu msongo wa mawazo, na jina hilo linatupotosha, kana kwamba mtu akipunguza kufikiri atapona. Heri sonona. Mwenye sonona anaweza kucheka nusu saa mbele ya wageni, kisha akalala mchana kutwa kwa uchovu wa kujikaza. Daktari hahesabu vicheko. Anauliza kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu amekuwa na huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Kisha usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, wepesi wa mwili, kujilaumu, mawazo ya kifo. Zikifika dalili tano kati ya hizo tisa, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, ni ugonjwa. Mvivu hukimbia kazi, lakini mpira ukianza yuko mbele ya runinga. Wako je?

Maombi yaendelee kama mnaomba. Anayewaambia mtupe dawa ndiye mumkwepe.

Usimwambie ajikaze. Mpe kazi ndogo: abadilishe zipu moja kabla ya saa nne asubuhi, halafu atembee juani hadi dukani. Kwa sonona, mtu huanza kutenda ndipo hamu ifuate. Akingojea hamu atangoja sana. Uliza kliniki pia kuhusu ushauri nasaha, unasaidia kweli.

Tena muulize bila kuzunguka: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa ya panya nyumbani, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mpeleke hospitali usiku huohuo; Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Thika Road. Msiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Wiki za mwanzo za dawa mchunge zaidi, maana nguvu zinaweza kurudi kabla ya moyo kutulia. Vidonge vikae kwako, umpe kimoja kila asubuhi.