Siku ya kwanza kwenye gari la rali: uchague vipi?

SWALI: Mimi ni muuguzi, naishi Leicester, Uingereza. Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa magari Nakuru, na Julai anakuja kunitembelea kwa wiki tatu. Tangu Safari Rally irudi Naivasha hajakosa mwaka hata mmoja. Hulala nje kwenye baridi ili asubuhi awe karibu na kona. Nataka kumlipia siku ya kuendesha gari la rali. Mtandaoni nimeona vocha za kila aina: mizunguko sita, nusu siku, siku nzima, gari moja, magari matatu. Bei zinapishana mno na maelezo yote yanafanana. Hajawahi kuendesha kitu kama hicho. Nichague ipi? Na leseni yake ya Kenya itakubaliwa?

JIBU: Dada, mchukulie nusu siku, kwenye changarawe, ndani ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na wanafunzi wasizidi wawili au watatu kwa gari moja. Ukiyapata hayo, mengine yote yanaweza kusubiri. Nimekaa kiti cha abiria cha magari haya kwa miaka kumi na miwili nikifundisha wanaoanza, na kila mara ninayemwona akiondoka amenuna, chanzo huwa ni vocha aliyonunuliwa.

Kosa la kwanza hutokea kwenye hesabu. Vocha hutaja mizunguko au saa, lakini unachonunua hasa ni dakika za mdogo wako akiwa ameshika usukani. Tuseme vocha moja ni pauni 99 kwa mizunguko sita, na mzunguko mmoja ni dakika moja na nusu. Hizo ni dakika tisa, yaani pauni 11 kwa kila dakika. Nyingine ni pauni 199 kwa nusu siku, na ndani yake anaendesha dakika 40: karibu pauni tano kwa dakika. Ile iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Kwa hiyo piga simu uulize swali moja waziwazi: mtu mmoja anaendesha dakika ngapi, ukiondoa maelezo ya darasani, foleni na kuvaa kofia? Kampuni inayojua kazi yake hukujibu papo hapo. Ukiona wanazungukazunguka, tafuta kwingine.

Kuna sababu ya kung'ang'ania dakika. Dakika kumi za mwanzo mwili bado umekakamaa. Mikono inabana usukani kama mtu anayeogopa kuanguka, mguu unakanyaga mafuta kwa vipande vipande, na maneno ya mwalimu yanapita tu masikioni. Ni karibu na dakika ya ishirini ndipo mabega hushuka na mtu akaanza kulisikia gari kupitia kiti. Mwenye mizunguko sita huteremka kabla hajafika hapo.

Sasa ardhi. Uingereza kuna kampuni nyingi zinazotumia viwanja vya ndege vya zamani vya kijeshi: lami pana, koni za rangi ya chungwa, na gari lenye stika nyingi. Ni burudani halali, lakini kwa mtu aliyelala nje Naivasha ili aone vumbi hiyo si rali. Sisitiza changarawe. Kwenye lami tairi hushika, hushika, kisha huachia ghafla, na anayejifunza hupata mshtuko badala ya somo. Kwenye changarawe gari huanza kuteleza kwa mwendo mdogo tu, na huteleza polepole, kwa hiyo kuna nafasi ya kukosea, kusikia kosa na kulirekebisha. Hata breki zina tabia nyingine kule. Gurudumu likifunga kwenye kokoto hukusanya kilima kidogo cha mawe mbele yake, na kilima hicho husaidia kulisimamisha gari. Ndiyo maana magari ya rali hayana ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge. Mdogo wako ni fundi. Hilo atalifurahia kuliko kasi yenyewe.

Ukiweza kwenda mbali, fikiria Wales. Katikati ya Wales kuna misitu kama Hafren na Dyfi, ambayo barabara zake za changarawe zilitumika miaka mingi kwenye raundi ya Uingereza ya mashindano ya dunia, hadi 2019. Elfyn Evans, aliyeshinda Safari Rally mwaka 2025, ni mtoto wa huko huko. Kutoka Leicester ni mwendo wa saa tatu hivi, ila ukitoka naye mapema mnaweza kurudi siku hiyo hiyo. Viwanja vya karibu nawe pia vipo, na vingine ni vizuri. Muhimu ni uthibitishe ardhi yenyewe ikoje, kwa sababu picha kwenye vocha mara nyingi si za mahali atakapoendesha.

Kuhusu gari, najua atataka Subaru. Mkenya gani aliyekulia kando ya barabara ya rali hataki Impreza? Nami simnyimi. Lakini kwa somo la kwanza ningemweka kwenye Ford Escort ya zamani, au gari lolote jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Impreza husukumwa na magurudumu yote manne, kwa hiyo inamfichia dereva makosa yake. Ameingia kona vibaya, anaongeza mafuta, gari linajivuta na kutoka, naye anaamini amefanya vyema. Escort haifichi. Mguu wa kulia ukiongeza kidogo, nyuma inasogea kidogo. Ukizidisha, nyuma inakuja mbele. Kila kanyagio lina jibu lake papo hapo. Wala Escort si gari la kudharauliwa na mtu wa Nakuru: Hannu Mikkola alishinda Safari nayo mwaka 1972, na Björn Waldegård akashinda nayo tena 1977.

Akisisitiza Subaru, tafuta kifurushi cha nusu siku au zaidi chenye magari mawili, aanze na la nyuma amalizie na la manne. Kile cha magari matatu kwa muda mfupi kikwepe kabisa. Mwaka fulani, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, alikuja kijana aliyelipiwa na wenzake wa kazini kifurushi cha namna hiyo. Kila alipoanza kulizoea gari moja, muda ulikwisha, akahamishiwa jingine lenye klachi na breki nyingine. Alipomaliza aliniuliza kama kweli hana kipaji. Alikuwa nacho. Hakupewa nafasi, na jambo hilo liliniuma hadi nikaenda kuongea na wakubwa.

Ngoja nikuonyeshe jambo moja kwa karibu, ili ujue pesa yako inanunua nini. Kuna zoezi la kugeuza gari kwa breki ya mkono kuzunguka koni. Breki ya gari la rali husimama wima karibu na usukani na haina kitufe cha kuifungia, ukiiachia, inaachia. Mwanafunzi anakuja gia ya pili. Anaondoa mguu kwenye mafuta, na hapo uzito wa gari unahamia mbele: pua inashuka kidogo, nyuma inakuwa nyepesi. Anakata usukani, anakanyaga klachi, anavuta breki mara moja na kuiachia. Nyuma inazunguka. Anaachia klachi, anatia mafuta, wameshageuka. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, karibu kila anayeanza hufanya makosa mawili yale yale: anasahau klachi, injini inazima, na anaitazama koni. Macho yakikaa kwenye koni, gari linakwenda kwenye koni. Mimi huwaambia watazame mahali wanapotaka kutokea, na wakishindwa huinua mkono wangu niwaonyeshe upande. Siku kichwa kinapogeuka kabla ya gari kugeuka, basi, amelipata. Nimewaona watu wazima wakipiga kelele ndani ya kofia kama watoto.

Hilo la uzito kwenda mbele ndilo somo lenyewe. Mengine yote, hata ile mbinu ya madereva wa Skandinavia ya kulielekeza gari kwanza nje ya kona kisha kulirudisha ndani ili lijirushe lenyewe, ni uzito unaohamishwa kwa makusudi. Mdogo wako huenda ameshalihisi kwenye murram bila kulijua jina: umeingia kona, umeshtuka, umeachia mafuta, mkia ukakimbia. Siku hii itamfundisha kuliita lije kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo mwalimu ni muhimu kuliko gari. Uliza kama mwalimu anakaa naye ndani muda wote, na kama amewahi kushindana au kufundisha kwa muda mrefu. Uliza pia kama wanafunzi hupokezana gari moja kila mizunguko michache. Mimi napenda hivyo, maana mtu akipumzika dakika kumi hurudi amejua mwenyewe alipokosea. Lakini wakiwa watano au sita kwa gari, asubuhi nzima itaishia kwenye benchi.

Leseni haina shida kubwa. Mgeni anaruhusiwa kuendesha gari dogo katika barabara za Uingereza kwa leseni ya kwao kwa muda wa hadi miezi 12, na viwanja hivi ni ardhi ya watu binafsi. Hata hivyo kila kampuni ina masharti yake na ya bima yake, kwa hiyo waambie mapema kuwa leseni ni ya Kenya, upate jibu kwa maandishi, na aje na kadi yenyewe, si picha ya simu. Swali la kumuuliza yeye ni jingine: Nakuru anaendesha gia za mkono au otomatiki? Magari ya mafunzo mengi ni ya klachi. Kama klachi ameiacha siku nyingi, aichukue gari ya mteja rafiki wiki mbili kabla ya safari arudishe mguu.

Bima isome kwa makini kuliko kitu kingine. Vocha nyingi zinaonyesha bei bila kueleza nani analipa gari likigonga ukingo. Uliza kiasi cha juu kabisa anachoweza kudaiwa, na kama kuna malipo ya ziada ya kupunguza deni hilo. Nakushauri uyalipe, anayeendesha akihesabu gharama za bampa hajifunzi kitu. Tena angalia kama anayekuuzia vocha ndiye mwenye uwanja au ni dalali tu. Ukinunua kwa mwenye uwanja unapata tarehe hapo hapo, na kwa mtu aliye na wiki tatu tu nchini hilo ni kubwa: usinunue vocha kabla hujathibitishiwa siku. Chagua siku ya wiki yake ya kwanza, ili ikiahirishwa ibaki nafasi ya kurudia. Mvua isikutishe. Tope humfundisha mtu upole wa mikono kuliko vumbi.

Akipewa nafasi ya kukaa abiria mwalimu akiendesha kwa kasi kamili, aikubali, ila aombe iwe mwishoni. Akiwa ameshashika usukani mwenyewe ataelewa mikono ya mwalimu inafanya nini.

Siku hii haitampa leseni ya mashindano, mwambie mapema. Akirudi nyumbani bado ana kiu, aulize kuhusu mashindano ya autokrosi chini ya shirikisho la michezo ya magari la Kenya. Huko wengi huanzia.

Na viatu: asije na buti zake za gereji zenye chuma. Avae raba zenye soli nyembamba ili ahisi kanyagio, ale kifungua kinywa chepesi, na wewe ubebe jaketi la ziada, kwani Julai au si Julai, upepo wa Wales ni ule ule.