Kung'ang'ania Hisa Inayoshuka Siyo Subira

Kila anayeingia kwenye biashara ya hisa huambiwa awe na subira, naye huitikia kwa kichwa. Kisha ananunua hisa, inashuka, anakaa nayo miezi akijisifu kuwa ni mvumilivu. Hapo ndipo huwa nashindwa kunyamaza. Mwenye subira anajua anasubiri nini na mpaka lini. Huyu anasubiri bei irudi pale aliponunulia, na soko halina habari alinunua kwa bei gani.

Tabia hii si ya wageni peke yao. Wachumi Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza mwaka 1985: watu huuza haraka hisa zilizopanda, na zilizoshuka wakazikumbatia. Hesabu yake ni kali. Ukipoteza asilimia 10 ya mtaji, utahitaji faida ya kama asilimia 11 kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 50, utahitaji 100. Na kurudi kwenyewe kwaweza kula ujana wako wote: fahirisi ya Nikkei, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Japani, ilifika kileleni mwishoni mwa 1989, ikaja kukivuka kilele hicho Februari 2024. Hapo tunazungumzia soko zima. Kampuni moja yaweza kufilisika na isirudi kamwe.

Kwa hiyo subira ianze kabla hujanunua. Tuseme mtaji wako ni 12,000, na umeamua biashara moja isikupotezee zaidi ya asilimia 1, yaani 120. Hisa inauzwa 25, na sababu yako ya kuinunua itakuwa imekufa ikishuka hadi 22. Tofauti ni 3. Gawanya 120 kwa 3: unanunua hisa 40, basi. Andika kwenye daftari siku hiyo hiyo: "Nimenunua 40 kwa 25 kwa kuwa mauzo ya kampuni yanakua, ikifika 22 natoka." Bei yaweza kuruka chini ya 22 soko likifunguliwa asubuhi, ukatoka na hasara kubwa kidogo kuliko uliyopanga. Hilo halizuiliki, lakini angalau halikukuti na nusu ya mtaji wako humo.

Kinachowashinda wengi ni siku zisizo na la kufanya. Simu iko mkononi, chati inacheza, kidole kinawasha. Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya zaidi ya 66,000 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja kati ya 1991 na 1996. Waliokuwa wakinunua na kuuza kupita wenzao walipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Kamisheni, pamoja na pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, viliwatafuna kidogo kidogo. Siku hizi madalali wengine hawatozi kamisheni, na kwa maoni yangu hilo limezidisha hatari, kwa sababu gharama iliyobaki haionekani.

Usipime kukua kwako kwa salio la akaunti. Soko likipanda, hata asiyejua kitu anapata faida, na faida ya namna hiyo ndiyo inayoharibu wanafunzi wengi. Pima kwa daftari. Lisome kila mwisho wa mwezi ukijiuliza swali moja: je, nilitoka pale nilipoandika nitatoka? Biashara iliyoleta hasara lakini ukafuata ulichoandika, ihesabu kuwa nzuri. Iliyoleta faida baada ya kusogeza kikomo chako mara mbili, iwekee alama nyekundu. (Akaunti za mazoezi zinafaa kujifunzia vitufe. Hofu hazifundishi, kwa kuwa hakuna aliyekosa usingizi kwa pesa za bandia.)

Jambo la mwisho ni pesa zenyewe unazonunulia hisa. Ada ya shule au kodi ya nyumba ina tarehe yake, na tarehe haingoji soko. Mkopo wa dalali wa kununulia hisa ni vivyo hivyo: thamani ya hisa zako ikishuka chini ya dhamana anayoitaka, anaweza kuziuza bila ridhaa yako, hata kama kila ulichoandika daftarini kilikuwa sahihi. Mwaka wa kwanza, kaa mbali na vyote viwili.