Jibu: Je, kufanya kazi naye ni kuikana imani?

Dada, umeuliza kama kupangwa zamu moja na kijana aliyefunga ndoa na mwanaume mwenzake, hapo kwenye nyumba ya wazee Uingereza, ni kuikana imani. Hapana, hata kidogo.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawalinda nyote wawili, wewe kwa dini yako na yeye kwa mwelekeo wake wa kijinsia. Ila ina mpaka. Lillian Ladele, Mkristo aliyekuwa msajili wa ndoa Islington, London, alikataa kusajili miungano ya watu wa jinsia moja. Kesi ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Januari 2013 akashindwa. Hukumu hiyo hiyo ilimpa ushindi Nadia Eweida, mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways, aliyedai kuvaa msalaba kazini. Kwa hiyo vaa msalaba wako, mradi kanuni za usalama kazini zinaruhusu, lakini usimnyime mtu huduma.

La moyoni ndilo naona linakusumbua zaidi. Wamethodisti wa Uingereza waliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2021. Wakatoliki hawaruhusu, na bado Katekisimu yao inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma. Basi hata mwenye msimamo mkali hana ruhusa ya kumdharau mtu. Kijana huyo akisema mume wake anaumwa, muulize anaendeleaje, kama unavyowauliza wengine. Wenzenu wakianza kumteta wakati wa chai, usichangie. Akitaka kujua unaamini nini, mweleze kwa upole mkiwa wawili, si mbele ya wazee mnaowahudumia.