Root Ipi? Neno Moja Lililonigharimu Kazi ya Miaka Miwili

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji wangu aliniandikia: "Kaka, nataka kuhama. Niweke Linux au Ubuntu? Nimeuliza kwenye kundi moja wakanicheka." Alikuwa anauliza mfumo endeshi wa kuweka kwenye kompyuta yake. Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, na mimi pia nilichekwa. Aliyenijibu aliniambia nikasome kwanza ndipo nirudi. Sikurudi. Nilibaki kuokoteza amri huku na kule, nikizibandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, bila kujua zinasema nini, na gharama yake niliilipa mwenyewe.

Nianze na swali lake. Linux, kwa maana yake halisi, ni keneli: kiini cha mfumo, ile programu inayozungumza na prosesa, kumbukumbu na diski, na kuzigawia programu nyingine zamu. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Keneli peke yake haikufai kitu, maana haina hata amri ya kunakili faili. Zana za namna hiyo nyingi zilitoka kwenye mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, na ndiyo sababu wapo wanaosisitiza tuseme GNU/Linux. Chukua keneli, ongeza zana hizo, sheli ya kupokea amri zako, eneo-kazi, yaani mwonekano wa madirisha na menyu, kama GNOME au KDE, na utaratibu wa kusakinisha programu, hapo umepata distro, yaani mfumo kamili ulio tayari kutumika. Debian ni distro, ya tangu 1993. Ubuntu imejengwa juu ya Debian, na Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Kuuliza Linux au Ubuntu ni kama kuuliza ununue injini au gari. Si swali la kijinga hata kidogo. Ni swali la mtu ambaye hakuna aliyemweleza.

Sasa yangu. Nilikuwa natumia Ubuntu 18.04, nikaona imetoka 19.10. Nikajiambia namba kubwa ndiyo bora, nifute nianze upya. Mtu mmoja mtandaoni akanishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba kabla ya kufuta "nihifadhi root". Nikaingia kwenye mafaili, nikaona folda imeandikwa root. Ikakataa kufunguka. Nikatafuta namna, nikatanguliza amri ya sudo, inayokupa mamlaka ya mkuu wa mashine, ikakubali, nikainakili yote kwenye flashi. Ilimalizika kwa sekunde chache. Wepesi ule ungenishtua, lakini nilifurahi. Nikafuta diski nzima, nikaweka 19.10.

Kwenye mifumo hii jina root lina mambo matatu. Kuna root mtumiaji, mkuu wa mashine asiyezuiwa na ruhusa za faili, ambaye sudo hukuazima mamlaka yake kwa amri moja. Kuna root ambayo ni mkwaju mmoja tu, "/", shina ambalo folda zote zinaota kutoka kwake. Halafu kuna folda ya /root, ambayo ni chumba cha faragha cha yule mtumiaji mkuu. Aliyenishauri alimaanisha la pili. Mimi nilinakili la tatu, chumba ambacho hakuna mtu aliyewahi kulala. Mafaili yangu yalikuwa ndani ya /home, nayo ilikuwa kwenye patisheni (sehemu ya diski) ileile niliyoifuta. Kazi ya miaka miwili, na picha ambazo hazina nakala mahali popote. Sijasahau, na sidhani nitasahau.

Na hayakuishia hapo. Julai 2020 masasisho yakaanza kurudisha makosa. Nikalaumu intaneti, nikabadilisha laini, nikasakinisha tena. Kumbe namba za Ubuntu ni mwaka na mwezi tu: 24.04 ni Aprili 2024. Kila baada ya miaka miwili, Aprili, hutoka toleo la LTS (Long Term Support, msaada wa muda mrefu), linalopata viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, kwa miaka mitano. Mengine hupata miezi tisa tu. 19.10 niliyoipa kafara mafaili yangu ilikuwa imekwisha muda wake, na hazina yake, yaani ghala la mtandaoni ambalo distro huchota programu, ilikuwa inafungwa. 18.04 niliyoidharau ilikuwa bado na miaka karibu mitatu mbele yake.

Tangu hapo nimeamini jambo moja: neno geni halikuumizi, kwa sababu ukiliona unasimama na kuuliza. Linalokuumiza ni lile unalodhani unalijua. Ukisikia Debian ni "thabiti" utadhani maana yake haina hitilafu. La, maana yake haibadiliki: matoleo ya programu hubaki yaleyale kwa muda mrefu, na yanayoingia zaidi ni marekebisho ya usalama na ya hitilafu kubwa. Ukisikia toleo lina "msaada" usidhani kuna mtu wa kumpigia simu. Maana yake viraka bado vinatolewa.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Kwa Kiingereza neno moja, free, linabeba huru na bure, nao wanalazimika kulifafanua kila siku. Sisi tunayo mawili, huria na bure. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuisoma msimbo wake, kuibadilisha na kuigawa. Inaweza kuuzwa na ikabaki huria. Programu ya bure inaweza kukufungia kila kitu. Tusiyachanganye maneno yetu wenyewe.

Leo nasimamia seva za watu, na najivunia, maana hakuna aliyenishika mkono. Lakini sitaki mwingine apite nilikopita. Wewe unayejua, mtu akiuliza, mjibu. Dakika mbili za maelezo hazikupunguzii kitu. Na wewe unayejifunza, usibandike amri yenye neno usiloweza kulieleza kwa Kiswahili chako. Uliza. Ukichekwa, uliza kwingine.

Dada, jibu lako ni hili: chukua Ubuntu ya LTS, nakili folda yako yote ya nyumbani kwenye diski ya nje, kisha yafungue mafaili hayo kwenye mashine nyingine uhakikishe yamo. Ukishasakinisha, fungua terminali uandike uname -r. Litakalotokea ni toleo la keneli, hiyo ndiyo Linux. Halafu andika cat /etc/os-release. Hapo utaliona jina la Ubuntu. Nitumie vyote viwili, nami nitakujibu siku hiyohiyo.