Mota na jenereta zinazolishana

SWALI: Nimeona video ya mota inayozungusha jenereta, na jenereta inairudishia mota umeme, huku balbu inawaka bila waya wowote ukutani. Nami nitengeneze?

JIBU: Usitupe pesa zako, ndugu yangu. Igusie mkono mota iliyofanya kazi nusu saa: ina joto. Joto hilo ni umeme ulioingia na hautarudi. Tuseme mota ni nzuri, inatoa asilimia 90 ya ilichopewa, na jenereta vilevile. Zinabaki 81, na balbu bado haijaonja kitu! Ukizungusha tena zinabaki kama 66, na haichukui muda mitambo yote imesimama. Sumaku nazo (kila fundi wa video hizi anazipenda) hazisaidii. Nguvu ambayo sumaku inakupa ikivuta, unailipa ukiinasua. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilizichoka mashine za namna hii, ikakataa kuzichunguza tangu 1775.

Nikiona video kama hiyo, mimi hutazama kwanza unene wa ubao uliobeba mitambo. Betri ndogo ya lithiamu ikifichwa humo huwasha balbu ya LED kwa saa kadhaa. Mwambie mwenye video aunganishe birika la umeme badala ya balbu, tuone kama maji yatachemka.